Mtafsiri aliyetia tangazo la chipsi kwenye kifo cha Roy Batty

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule mtafsiri wa filamu, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa sauti yake inakoroma katika kila kibanda umiza kuanzia pwani hadi maziwa makuu, ametoa nakala yake ya Blade Runner, nami nimetoka kuitazama usiku huu. Nilimvumilia alipoipitia Los Angeles ya mwaka 2019, yenye mvua isiyokatika na minara inayotema moto, kwa kusema tu kwamba "huku ni mjini". Lakini pale juu ya paa! Rutger Hauer, akiwa Roy Batty, mtu bandia aliyepewa umri wa miaka minne tu, ameketi mvuani na njiwa mkononi, akiyaaga aliyoyaona angani kwa maneno ambayo mwigizaji huyo aliyapunguza na kuyaongezea mwenyewe. Na hapo hapo, wakuu, hapo hapo, bwana yule akamsalimia muuza chipsi wa jirani na kutangaza kuwa zege la chipsi mayai ni la moto. Mtu anakata roho, zege la moto! Njiwa anaruka, zege la moto! Hao watu bandia wana utu kumshinda.

Mkazi wa Paa: Mkuu, mbona ameifuata filamu kwa uaminifu? Humo ndani kuna chombo kinachoelea juu ya mji kikiwatangazia wapita njia maisha mapya katika makoloni ya mbali, bila kuombwa na mtu. Yeye amekosa chombo tu.

Binti Neoni: Tena toleo la mwaka 1982 lilikuwa na msimulizi wake, Harrison Ford, ambaye Hauer akishainamisha kichwa anaingia kutueleza tulichokwisha kukiona. Waliiondoa sauti hiyo mwaka 1992. Vuta subira, huenda na wako ataondolewa.

Asiyelala: Afadhali ninyi. Wa kwetu alimwita Neo wa The Matrix "Komando" hadi mwisho, na risasi ziliposimama hewani akasema bunduki ni mbovu.

Mkazi wa Paa: Mbovu? Wa mtaani kwetu alisema zile ni nzi.

Mwanzisha uzi: Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada.

Asiyelala: Subiri kidogo, mkuu. Alisema nzi wa aina gani?