Kumlalamikia daktari wa mifugo: tupeleke nini Bodi?

Katibu_Kisauni
Assalam aleikum wakuu. Ng'ombe wa mwanachama wetu huku Bamburi alizaa, kesho yake akaanguka asiweze kusimama. Daktari akasema ni homa ya maziwa, yaani kalsiamu imepungua mwilini baada ya kuzaa, akamtundikia kalsiamu kwenye mshipa wa shingo, ng'ombe akafa sindano ingali shingoni. Mzoga ulishazikwa. Mwenyewe anataka kushtaki. Twaanzia wapi, na barua iandikweje isitupwe?

Mtu_wa_Mafaili
Waleikum salaam katibu. Kwanza jueni huyo "daktari" ni nani. Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (KVB) husajili, chini ya sheria ya 2011, madaktari wenye digrii na pia wasaidizi wenye diploma au cheti. Mtaani wote huitwa daktari. Ulizieni kama yumo kwenye rejista na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Asipokuwemo kabisa, hilo si la nidhamu tena, ni jinai: polisi, na nakala kwa Bodi.

Akiwemo, andikeni kwa saa: alipigiwa saa ngapi, akafika saa ngapi, alimpima nini kabla ya kutia dawa. Ambatisheni ujumbe wa M-Pesa, na picha ya chupa ionyeshe lebo na namba ya bechi. Aliyeshika kamba aandike maelezo yake mwenyewe, si familia nzima kutia sahihi karatasi moja. Na msiandike "ameua ng'ombe". Andikeni alichofanya na alichoacha kufanya.

Vetinari_Pwani
Hapo ndipo malalamiko mengi hufia. Kifo peke yake si ushahidi wa uzembe.

Kalsiamu ikiingia kwa kasi husimamisha moyo. Chupa ya mililita 400 hupitishwa polepole, dakika 10 hadi 20, ikiwa na joto la mwili, huku daktari akisikiliza moyo. Mapigo yakienda kombo, anafunga dripu. Kwa hivyo maswali ni haya: moyo ulisikilizwa? Chupa iliisha kwa dakika ngapi? Aliuliza kama kuna dawa ilishatiwa? Hilo la mwisho mara nyingi humrudia mfugaji, kwa kuwa asubuhi mtu wa duka alishauza chupa, ikatiwa, na daktari hakuambiwa. Tena ng'ombe mwenye sumu ya uchafu wa kizazi aweza kufa hata dripu ikienda sawasawa.

Msifukue mzoga. Kalsiamu haiachi alama ya kuonekana kwa macho, na kwa joto la hapa nyama imeshaoza. Siku nyingine pigieni maabara ya mifugo ya Mariakani saa ileile, na msigandishe chochote kwenye friza. Damu ikitoka puani au nyuma bila kuganda, msipasue wala msichune: huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua na kuambukiza hata watu. Iteni ofisi ya mifugo ya kaunti.

Binti_Likoni
Na fidia? Bodi italipa?

Mtu_wa_Mafaili
La, dadangu. Bodi hugusa usajili na leseni: huonya, husimamisha, hufuta. Pesa ni Mahakama ya Madai Madogo, ipo hapa Mombasa, madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na wakili si lazima. Madai ya uzembe yana miaka 3 tangu tukio.

Katibu, jina la daktari lisizunguke WhatsApp ya kikundi. Ana haki ya kusomewa tuhuma na kujibu, na akisafishwa mtashtakiwa nyinyi kwa kumchafua.

Katibu_Kisauni
Nimeuliza sasa hivi. Zizini mna chupa mbili tupu. Ya kwanza alitia kijana wa duka.

Vetinari_Pwani
Hiyo iwe aya ya kwanza ya barua, pamoja na saa iliyotiwa. Kisha semeni wazi: daktari aliuliza, au hakuuliza? Na huyo kijana mtafuteni kwenye rejista pia.