Mrejesho: nakala za hesabu za duka sasa zinajinakili zenyewe

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada baada ya kompyuta ya duka kufa na hesabu za miezi miwili. Nilitaka faili la .bat (faili la amri za Windows) linalonakili folda kwenda diski ya nje kila jioni.

Aliyesema niachane na xcopy, amri ya zamani ya kunakili, nitumie robocopy ya Windows, Mungu akubariki. Mstari ni huu (/E ni kuchukua na folda za ndani):

robocopy "D:\Hesabu" "R:\Nakala\Hesabu" /E /R:2 /W:5

/R (mara za kurudia faili likigoma) na /W (sekunde za kusubiri kabla ya kurudia) msiziruke. Mwanzoni sikuziweka, na faili la barua la Outlook lililomo humo lilikuwa linatumika. Asubuhi nikakuta dirisha jeusi bado limekwama palepale. Kumbe usipoipangia, robocopy hurudia mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Dada aliyenionya kuhusu /MIR, asante sana. Inafuta kwenye nakala chochote kilichofutwa kwenye chanzo, kwa hiyo sikuiweka. Juzi mdogo wangu alifuta orodha ya wadeni kwa bahati mbaya. Nimeikuta kwenye nakala, jina kwa jina. Nilikaribia kulia.

Herufi ya diski ilikuwa inahamahama kila nikichomeka flashi, nikaipa R kwenye Disk Management (sehemu ya Windows ya kupanga diski), imetulia. Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows, inaliamsha faili la .bat saa 12 jioni. Ikionyesha matokeo 0x1 (yaani namba 1) msiogope, namba za robocopy chini ya 8 si kosa.

Faili la Outlook bado halinakiliwi programu ikiwa wazi. Kwa sasa naifunga mwenyewe kabla ya saa 12.