Nimepigwa na RX-8: jamaa aliniambia "usiizime, rotari haipendi kuzimwa"

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie nikiruka ruka, na wale wa "si ungebaki na IST yako" msubiri kwanza, maana IST ndo niliyouza nikaongezea hela nikanunua huu mzigo, na shemeji yenu ananikumbusha kila asubuhi akiwa anasubiri bajaji.

Wiki tano zilizopita nimenunua Mazda RX-8 ya 2004, gia sita za mkono, nyekundu, namba D, milioni 11.5. Sikuagiza Japan, niliikuta hapa hapa Dar kwa jamaa mmoja wa Tabata, dalali ndo kaniunganisha. Mnaoijua hii gari mnajua inavyolewesha. Milango ya nyuma inafungukia kinyume na haina nguzo katikati, ukifungua yote miwili ya upande mmoja watoto wa mtaa wanajaa. Injini yake ni rotari, yaani badala ya pistoni kuna rota mbili za pembetatu zinazozunguka. Kwenye kadi cc 1308 tu, ila mshale unapanda mpaka 9,000 na ile sauti haifanani na pistoni hata kidogo, ni nyuki wamechokozwa ndani ya debe. Nimeitamani tangu nipo chuo. Basi ndo hivyo.

Sasa sikilizeni nilivyopigwa.

Nimefika kwa jamaa saa mbili asubuhi, akanipa funguo mkononi, "iwashe mwenyewe kaka, imelala tangu jana, shika boneti kwanza uone". Nikashika, baridi kweli. Nikawasha, ikadaka hapo hapo. Nikasema moyoni huyu muungwana, kwa sababu ujanja tunaoujua wote ni muuzaji kuipasha gari moto kabla hujafika ili usiisikie inavyohangaika ikiwa ya baridi. Huyu kanipa ya baridi kabisa! Kumbe kwenye rotari iliyochoka ugonjwa umejificha upande wa pili, ya baridi inawaka vizuri tu, shughuli ipo ikishapata moto.

Tukaipiga Mandela mpaka Ubungo tukarudi. Inavuta, haina kelele, gia zinaingia kama siagi. Tumefika kwake nataka kuzima nimpigie fundi wangu simu, jamaa akaweka kiganja juu ya mkono wangu pale pale kwenye funguo. "Usiizime kaka. Rotari haipendi kuzimwazimwa, acha iungurume." Tukabishana bei dakika ishirini gari inaunguruma, tumesimama juani, ekzosi inatupulizia harufu ya wese, mimi nimeenda dukani kununua maji nimerudi bado inaunguruma. Mpaka nahesabu hela haijazimwa. Na mimi mjinga naona raha, nasema jamaa anaipenda gari yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ule uongo nusu yake ni kweli. Rotari ukiiwasha ya baridi ukaisogeza mita mbili ukazima, plagi zinalowa wese, kesho haiwaki mpaka uzitoe uzikaushe. Hilo lipo, kila mwenye RX-8 analijua na hata mimi nilishalisoma. Sasa yeye kachukua ushauri wa injini ya BARIDI akautumia kwenye injini iliyotoka kuzunguka mji mzima. Nilivyosikia kitu ninachokijua nikatulia kabisa. Hapo ndo alipompata mtu aliyejisomea nusu nusu.

Siku ya tatu, Jumamosi saa nane mchana, nimeingia sheli. Sheli lazima uzime. Nimejaza ya elfu hamsini (hii kitu inakunywa, napata km 6 kwa lita na foleni zetu hizi, hata Japan kwenyewe kodi ya gari ya mwaka cc za rotari wanazizidisha mara 1.5 maana wanajua siyo 1.3 ya kweli), nimelipa, nimezungusha funguo, stata inazunguka kwa kasi nyinyinyinyinyi, haidaki. Tena. Tena. Nyuma yangu kuna Noah na bajaji tatu wanapiga honi, yule kijana wa pampu ananiuliza "bro hii spoti au mkokoteni?" Tukaisukuma na bodaboda watatu mpaka pembeni, nikawapa buku mbili mbili. Nimekaa juani dakika hamsini. Ikapoa, nikajaribu, ikadaka kama hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza kasema betri. Nikanunua betri. Ikarudia. Wa pili kasema koili na plagi, nikanunua koili nne na plagi nne, laki nne na ishirini zikaondoka, ila huyu nilitakiwa nimkimbie mapema maana aliniuliza "silinda ya ngapi ndo inamisi?" Mkuu, haina silinda! Akachomeka kile kipima kompresheni (injini inavyobana hewa) cha magari ya kawaida, mshale ukaruka ruka, akasema "kompresheni ipo". Kwa rotari kile hakikwambii kitu cha maana, kila rota ina pande tatu na kila upande una kompresheni yake, kwa hiyo unatakiwa upate namba sita, chenyewe kinakuonyesha ile kubwa tu.

Wa tatu ndo nilielekezwa na jamaa mmoja anayeendesha RX-7, rotari nayo, mzee mmoja Ilala ana kipimo chenyewe cha rotari. Hakunichaji hata ushauri. Kaipasha moto, kapima. Rota ya mbele 6.4, 6.2, 6.5. Ya nyuma 5.3, 4.9, 5.4. Mazda wenyewe wanataka ikiwa nzima iwe kama 8.5, na chini ya 6.9 injini ni ya kufungua. Akanieleza polepole kama anamweleza mtoto, kwamba ile pembetatu kwenye kila ncha ina kipande cha chuma kinachokwangua ukuta, apeksi sili, kikiisha hewa inavuja kutoka chumba hiki kwenda kile. Ikiwa ya baridi oil ni nzito inaziba ziba. Ikipata moto oil imekuwa maji, hakuna cha kuziba, utazungusha stata mpaka betri ife. Ugonjwa wenyewe siyo siri, Marekani Mazda waliongeza waranti ya hizi injini mpaka miaka 8 au maili 100,000.

Halafu akainama akamulika tochi akacheka. "Hii stata mpya." Nikamwambia ndiyo, jamaa alinisifia, kafunga stata mpya, tena ile ya nguvu zaidi. Mzee akasema stata ikizungusha haraka kompresheni inapanda kidogo, injini iliyochoka inajikongoja inawaka, ndo panadol ya rotari hiyo. Akafungua nati ya oil, ikashuka oil nzito inajivuta kama uji wa ulezi. "Na hapa nae amekupikia."

Kuifufua kaniambia milioni 5.8 kama nyumba za rota (zile kuta za ndani) hazijachubuka. Injini ya mtumba ipo, lakini nayo ni bahati nasibu, unaweza ukanunua mgonjwa mwingine ukamlaza kwenye kitanda kile kile.

Nikampigia muuzaji. Nikamtumia na video. Akajibu kwa voice, sauti ya upole kabisa, "kaka gari umejaribu mwenyewe, umeridhika, umesaini imeuzwa kama ilivyo, gari ni chombo cha moto, leo kizima kesho kibovu." Nikamwambia hii haikuwa nzima hiyo leo yenyewe. Akanipiga blok. Dalali naye, "mimi bosi magari siyajui, kazi yangu kukutanisha watu". Laki tatu yangu ya udalali alijua kuihesabu lakini.

Sasa wale mtakaosema nimeze tu, subirini. Jumapili nilikuwa natafuta spana ya nati za zile rimu, kwenye droo ya dashibodi kuna kitabu cha gari cha Kijapani hakijawahi kuguswa. Ndani yake karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole cha grisi. Namba sita kwa peni ya bluu, mistari miwili. Ya nyuma 5.6, 5.2, 5.5. Chini yake mtu kaandika "ya nyuma imekwisha, usiendeshe sana". Ina tarehe, miezi mitatu kabla hajaniuzia, na juu limeandikwa jina la kwanza la jamaa. ALIJUA. Alijua akaenda kununua stata.

Rafiki yangu mwanasheria kaniambia hilo neno "kama ilivyo" halimfuniki mtu aliyeficha kwa makusudi, kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuficha hivyo kunahesabika udanganyifu na mkataba unaweza kuvunjwa. Naomba aliyewahi kufikisha kesi ya gari mahakama ya mwanzo au ya wilaya aniambie ilimchukua muda gani, na yule fundi aliyeandika karatasi akikataa kuja kutoa ushahidi nafanyaje. Ushauri wa maombi na subira wekeni akiba.

EDIT: Kuna mdau hapo chini kauliza dalali anahusika vipi. Jana usiku kanipigia mwenyewe, kasikia nataka kwenda kwa wakili, anajifanya ananionea huruma. Anasema "bosi usihangaike na kesi, mimi naitoa hiyo gari ndani ya wiki mbili, we nikubalie tu wateja niwalete asubuhi mapema ikiwa ya baridi."

Simu ilikuwa inarekodi. Naye ataitwa.