Kura tatu ya uchaguzi wa Tanganyika, 1958: chama cha TANU kilikubalije?

Mdau wa Masasi: Shikamooni wakuu. Kura tatu ilikuwaje hasa?

Mkazi wa Kilwa: Marahaba. Karatasi moja, alama tatu: Mwafrika, Mwasia, Mzungu. Ukiacha mmoja, kura imeharibika. Kujiandikisha kulidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Mkulima wa kawaida nje! Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere akawashawishi washiriki uchaguzi, maana kususia kungewaachia UTP, chama pinzani, viti. Zuberi Mtemvu, mwanachama aliyepinga, akajitoa TANU.

Mwana Lindi: Ongezeni mzizi wa kwetu wa kupinga ukoloni. Julai 1905, kijijini Nandete, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba ya kulazimishwa. Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ikaanzia shambani pale.