Mjadala: Ukumbi wa Maple Leaf Gardens kugeuzwa supamaketi, historia imeokolewa au imeuzwa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Jumamosi niliingia supamaketi iliyo kona ya mitaa ya Carlton na Church hapa Toronto, shida yangu mchele na vitunguu. Kwenye ujia wa 25 kuna doa jekundu sakafuni, duara tu, watu wanalipitishia matoroli. Mbele yangu mzee mmoja wa Kikanada akasimama juu yake, akavua kofia, akamshika mjukuu mabega na kumgeuza aangalie kushoto, halafu kulia. Kule goli, na kule goli. Mjukuu akauliza peremende ziko wapi.

Doa lile ndipo ilipokuwa katikati ya barafu ya Maple Leaf Gardens. Kwa wasiofuatilia hoki ya barafu: ni magongo yale yale, ila wachezaji wamevaa viatu vyenye chuma cha makali chini, na badala ya mpira wanapiga kisahani kizito cheusi. Ukumbi ulijengwa 1931, dunia iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na mwenye timu ya hapa, Toronto Maple Leafs, Conn Smythe, pesa hazimtoshi. Vyama vya mafundi vikakubali sehemu moja ya tano ya ujira ilipwe kwa hisa za ukumbi badala ya taslimu. Kazi ilianza Juni. Novemba 12 watu zaidi ya 13,000 walikuwa wamekaa ndani wakitazama Toronto ikifungwa 2-1 na Chicago. Miezi mitano na ushee, wakuu! Hapa kwetu mtaani kuna daraja la waenda kwa miguu lina mwaka wa tatu bado lina turubai.

Timu ikabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa hoki, mara 11 ikiwa humo, la mwisho 1967. Februari 13, 1999 wakacheza mechi ya kuaga, wageni ni Chicago wale wale, wakapigwa 6-2, wakahamia ukumbi mpya karibu na ziwa. Jengo likabaki gofu lenye jina kubwa. 2004 likanunuliwa na kampuni ya maduka ya vyakula. 2011 supamaketi ikafunguliwa, na 2012 chuo kikuu cha jirani kikafungua uwanja mdogo wa barafu juu ya supamaketi, chini ya kuba lile lile la zamani.

Msimamo wangu: walifanya sawasawa. Jengo linaloingia watu kila siku, hata kama wanafuata nyanya, lina uhai kuliko makumbusho yenye mlinzi anayesinzia. Karibuni mnirarue.

Kipa Mstaafu

Mkuu, nakuheshimu, lakini umelainika kwa sababu duka liko karibu na kwako. Husemi sharti la mauzo. Wenye ukumbi walipouza waliweka wazi kwamba jengo lisitumike tena kama ukumbi mkubwa wa michezo na matamasha, lisije likagombea wateja na ukumbi wao mpya. Hapo wameokoa nini? Wamezika, na juu ya kaburi wakaweka rafu za maharage.

Na huo ubomozi haukuanza na supamaketi. Mtangazaji Foster Hewitt alikuwa na kibanda chake kilichoning'inia juu kabisa kwenye mapaa, sauti yake ndiyo iliyoifikisha hoki kwenye redio za Kanada nzima. 1979 mmiliki wa wakati ule, Harold Ballard, akaamuru king'olewe, kikatupwa kwenye tanuru la taka. Watu wa aina hiyo ndio unaowapigia makofi.

Mleta mada

Kipa, la Ballard sina utetezi. Yule alikuwa msiba peke yake. Ila ona: kibanda kilichomwa wakati timu bado imo ndani na tiketi zinauzwa. Timu kuwepo hakukukilinda.

Fundi Barafu

Naingia kwa pembe nyingine. Mimi ni fundi wa majokofu makubwa, nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha samaki Mwanza. Wengi wenu mnaliangalia jengo, mimi naangalia sakafu.

Kumbi za kwanza zilikuwa ghala tu lenye paa. Victoria Skating Rink ya Montreal, ya mwaka 1862, barafu yake ilikuwa ya baridi ya Mungu: unamwaga maji, unaacha usiku uyagandishe. Pale ndipo Machi 3, 1875 ilipochezwa mechi ya hoki ya ndani ya kwanza kutangazwa gazetini, watu tisa kila upande, ikiandaliwa na James Creighton, mtu wa Halifax. Badala ya mpira wakatumia kipande bapa cha ubao, maksudi, kisiruke kikawaumiza watazamaji. Mechi ikaishia kwenye ugomvi, benchi zikavunjika. Mwanzo mwema kabisa wa mchezo wenyewe.

Tatizo la barafu ya asili ni kwamba joto likipanda kidogo unacheza kwenye uji. Ndugu wawili, Frank na Lester Patrick, walipotaka kuanzisha ligi pwani ya magharibi ya Kanada mwaka 1911, baridi ya kule haikutosha. Wakajenga kumbi mbili za barafu ya mashine, kwenye miji ya Victoria na Vancouver, ile ya Vancouver ikiwa na viti zaidi ya 10,000. Kanuni ni ile ile ya kiwandani kwetu: mtambo unapoza maji ya chumvi mpaka chini ya sifuri yasigande, yanapita kwenye mabomba chini ya sakafu, juu unanyunyiza maji safi tabaka kwa tabaka. Ukinyunyiza kwa pupa barafu inakuwa na mapovu na inapasuka. Unaenda pole pole, kama unapaka rangi ukuta wa harusi.

Kwa hiyo ukumbi wa hoki ni mashine iliyovikwa jengo. Ukizima mtambo, kilichobaki ni kuta. Kuta uza, weka nyanya, hakuna dhambi.

Chogo

"Kama unapaka rangi ukuta wa harusi." Fundi, umenifanya nisome habari za barafu saa sita usiku na huku Temeke umeme hakuna.

Kipa Mstaafu

Fundi, darasa zuri, lakini hesabu yako ina tundu. Kama ukumbi ni mashine tu, mbona ukifa timu nayo inakufa? Montreal Wanderers walikuwa miongoni mwa timu zilizoanzisha ligi kuu ya hoki, NHL, mwaka 1917. Januari 2, 1918 ukumbi wa Westmount ukateketea. Wanderers wakajitoa, hawakuonekana tena. Seattle nako: ukumbi wa barafu ulifunguliwa 1915, miaka miwili baadaye Seattle Metropolitans wakawa timu ya kwanza ya Marekani kubeba Kombe la Stanley. 1924 mkataba wa ukumbi ukaisha, mwenye jengo akaligeuza maegesho ya magari. Timu ikafa mwaka huo huo. Seattle ikaja kupata tena timu kwenye ligi kubwa 2021. Miaka 97! Kwa ajili ya maegesho.

Jicho la Tatu

Kipa, hapo kwa Wanderers umeruka jambo. Ukumbi ule ule wa Westmount ndio uliokuwa nyumbani kwa Canadiens, timu nyingine ya Montreal. Wote wawili waliunguliwa siku moja. Canadiens wakahamia ukumbi mdogo wa Jubilee, nao ukaungua 1919, wakahamia Mount Royal Arena, na 1924 wakacheza mechi ya kwanza ya ukumbi mpya wa Forum kwa sababu barafu ya asili ya Mount Royal ilikuwa haijawa tayari. Wamehama kama wapangaji wa Kariakoo na leo ndio wenye makombe mengi kuliko wote, 24.

Wanderers walikuwa mgonjwa mahututi kabla ya moto. Mechi yao ya kufungua msimu, waliyoshinda 10-9, ilitazamwa na watu kama 700. Mabao kumi na tisa, na ukumbi mtupu! Moto uliwapa sababu ya kuondoka bila aibu.

Na kuhusu ile Victoria ya Montreal aliyoitaja Fundi: ilivunjwa 1925, lakini barafu yake ilikuwa futi 204 kwa 80. Uwanja wa NHL leo ni futi 200 kwa 85. Kila ukumbi unaojengwa Marekani ya Kaskazini unabeba kipimo cha ghala lile lililovunjwa miaka mia iliyopita. Sasa niambieni, jengo limekufa au halijafa?

Kipa Mstaafu

Seattle hujaijibu.

Jicho la Tatu

Seattle nakuachia. Ile iliuma.

Dada wa Halifax

Nimesoma kimya, sasa naomba niseme, na kaka zangu msinikasirikie.

Mnalia juu ya kumbi kama vile kila mtu alikuwa na ufunguo. Hapa Nova Scotia kulikuwa na ligi ya hoki ya watu weusi tangu 1895, iliyoanzia kwenye makanisa ya Kibaptisti. Halifax Eurekas, Dartmouth Jubilees, Africville Sea-Sides. Viwanja vilikuwepo, lakini mara nyingi walivipata pale ligi za weupe zilipomaliza msimu, barafu imeshaanza kulainika. Fundi kaeleza hapo juu barafu laini ni kitu gani. Hao walicheza kwenye uji, na watu walilipa kuwatazama.

Africville yenyewe, ule mtaa wa watu weusi hapa Halifax, jiji liliuvunja miaka ya 1960. Kanisa lilibomolewa kwa tingatinga usiku, 1967. Meya aliomba radhi 2010. Kanisa la leo pale ni nakala.

Kwa hiyo doa jekundu kwenye supamaketi mimi halinipi uchungu wala furaha. Wenye doa wana bahati. Ila kuna jengo moja ningelishika mguu lisivunjwe, nalo ni Forum ya Montreal, kwa siku moja tu: Januari 18, 1958, Willie O'Ree, kijana wa Fredericton, akivaa jezi ya Boston, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL. Jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni na alilificha. Boston wakashinda 3-0. Leo mle ndani ni sinema na sehemu za kula.

Mleta mada

Dada, nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Naongeza jambo ambalo sikuliweka mwanzoni, na nilipaswa. 1997 ilifichuka kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Maple Leaf Gardens walikuwa wakiwadhulumu watoto kingono kwa miaka, wakiwavuta kwa tiketi na ahadi ya kukutana na wachezaji. Kuna watu wazima hapa mjini kwao kuba lile si kumbukumbu tamu hata kidogo. Anayesema "lirudishwe lilivyokuwa" amuulize na huyo.

Hiyo ni sababu nyingine inayonifanya nisitake makumbusho. Makumbusho yangewekwa jezi, vikombe na picha za Smythe. Lile lingine lisingepata kabati.

Kipa Mstaafu

Hapo napunguza sauti. Lakini sikubali kwamba chaguo ni makumbusho au supamaketi tu. Angalia Ottawa. Aberdeen Pavilion ni banda la maonyesho la 1898, wenyeji waliliita kasri la ng'ombe kwa sababu mifugo ndiyo iliyoshindanishwa mle. 1904 lilichezewa Kombe la Stanley. Baraza la jiji lilipiga kura livunjwe, 1991. Watu wakapiga kelele, mwaka uliofuata baraza likageuka, likakarabatiwa. Leo lina masoko na maonyesho, na ni mali ya umma. Tofauti yetu ni hiyo: siangalii kinachouzwa ndani, naangalia nani mwenye mlango.

Mleta mada

Hoja hiyo naichukua, na sina jibu zuri. Nitasema tu kwamba juu ya supamaketi mlango una wanafunzi. Walipiga kura ya maoni 2009 wakakubali kuongezewa ada ili uwanja ujengwe. Mwanafunzi akikubali ada ipande, ujue anakitaka kitu. Halafu linganisha na ukumbi wa timu uliotangulia, Arena Gardens wa mtaa wa Mutual, wa 1912, hatua chache tu kutoka pale. Ulivunjwa 1989, pamejengwa nyumba za watu. Na Boston nako chuo kikuu chenye ukumbi wa 1910, ambako Bruins, timu ya Boston, walicheza mechi yao ya kwanza, kimeamua kuuvunja kijenge mpya. Mimi kati ya hizo nachukua nyanya.

Chogo

Swali la mtu asiyejua: barafu iko juu, vyakula viko chini. Haivuji?

Fundi Barafu

Hilo ndilo swali la kwanza la maana tangu mjadala uanze. Chini ya mabomba lazima pawe na tabaka nene la kuzuia baridi, na chini yake pia joto kidogo, la sivyo dari ya duka itatoa jasho kama chupa ya soda. Mleta mada, ukienda tena inua macho juu ya lile doa, uniambie dari ni kavu.

Mleta mada

Fundi, nimetoka huko sasa hivi. Nimeangalia juu mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nimepotea. Kavu.