Msaada wakuu: akchueta ya kunyanyulia mfuniko wa tangi la chini, nimenunua ya nyutoni 500 inanguruma tu

Mpiga_Bati_Dom:
Wakuu habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Nyumbani tuna tangi la maji la kuchimbia chini, na mfuniko wake ni wa chuma, mita moja kwa mita moja: plati ya mm 3 na fremu ya engo. Nimeupima kwenye mzani wa gunia, kilo 40. Mama hawezi kuunyanyua, na maji yakitoka usiku inabidi kuamsha jirani.

Nikaona nifunge akchueta, ile mota ya fimbo inayosukuma na kuvuta, itumie betri ya sola ya volti 12. Nikapiga hesabu: kilo 40 ni kama nyutoni 400, basi ya 500 inatosha na chenji inabaki. Nimeichomelea sm 20 kutoka kwenye bawaba, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Nikibonyeza swichi inanguruma, inatetemeka kidogo, inazima. Mfuniko haujanyanyuka hata upana wa kidole. Nimeuziwa feki au nimekosea mimi?

Bawaba_Kavu:
Mwenye duka hana kosa hapo 😂 Leta picha.

Mpiga_Bati_Dom:
Simu ya picha anayo mdogo wangu. Fimbo imelala sana, kati yake na mfuniko kuna nyuzi 30 hivi.

FundiKimya:
Mkuu, hapo umepima uzito, hujapima mahali. Mfuniko unazunguka kwenye bawaba, na uzito wake uko katikati, yaani sm 50 kutoka bawabani. Kilo 40 ni nyutoni 392. Zidisha kwa 0.5 unapata 196. Hiyo ndiyo kazi ya kuushinda.

Wewe unasukuma ukiwa sm 20, tena kwa fimbo iliyolala. Kwa nyuzi 30 nusu tu ya ule umbali ndiyo inayofanya kazi, sm 10. Gawa 196 kwa 0.1: nyutoni 1,960. Ya 500 ingewezaje?

Ushapata kufungua mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba? Mtoto akikaa upande wa komeo anakushinda.

Sasa chukua chaki, chora mfuniko kwa ukubwa wake halisi ukutani, ukiutazama kwa ubavu. Weka pini ya juu sm 35 kutoka bawabani, na ya chini sm 35 chini ya bawaba, kwenye ukuta wa tangi. Ukifungwa, pini kwa pini ni karibu sm 49. Ukifunguka nyuzi 80 ni karibu sm 70. Basi unataka mwendo wa sm 20. Nguvu inayohitajika mwanzoni ni kama nyutoni 800, na mfuniko ukikaribia kusimama inapanda hadi kama 1,100, kwa kuwa fimbo inakaribia kupita kwenye bawaba. Nunua ya 1,500, usinunue ya 800 kamili. Kuna kutu, kuna upepo, na bawaba zenu hizo sijaziona. Ikiwa akchueta ni fupi kuliko pengo, ongeza kipande cha bomba.

Kizota_Sola:
Nyongeza. Ya nguvu nyingi huwa ya polepole, usishangae, mfuniko hauna haraka. Angalia pia muda wa kazi: nyingi zimeandikwa 10%, maana yake dakika 2 kazi, dakika 18 mapumziko. Kwa mama anayefungua mara mbili kwa siku si tatizo. Maji yanapanda mvuke humo, chukua ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, na uweke fyuzi karibu na betri. Betri ikiwa mbali mita 10, waya wa mm 1.5 unakula zaidi ya volti moja kwa ampia 5. Tumia wa 4.

Zabibu_Chungu:
Umeme wa nini? Kafunge shoku mbili za buti la gari, zile za mlango wa nyuma, mama anyanyue kwa mkono mmoja. Au jiwe na puli.

Bawaba_Kavu:
@Zabibu_Chungu shoku zikichoka mfuniko unashuka kichwani. Nimeona.

FundiKimya:
Akchueta ya skrubu ikizimwa haishuki yenyewe, ila pini ikikatika inashuka. Weka nondo ya kuegemeza, na swichi ifungwe kwa kufuli. Tangi wazi na watoto havikai pamoja. Upepo wa Dodoma nao unaujua, mfuniko ukisimama ni kama tanga.

Mpiga_Bati_Dom:
Nimechora ukutani. Mama amekasirika kwa ile chaki, lakini sasa nimeelewa: fimbo yangu ilikuwa inabana bawaba badala ya kuunyanyua mfuniko. Ile ya 500 nitaifungia mlango wa banda la kuku. Kesho naulizia ya 1,500 yenye mwendo wa sm 20, na nikate engo mpya ya chini.

@Kizota_Sola waya wa 4 unauzwa kwa mita, au rola nzima?

Kizota_Sola:
Kwa mita. Chukua kumi na mbili, utakosea kukata.