Tupeane uzoefu: ile muvi ya karao na orki ilikugusa wapi?

Wadau, nimeirudia Bright wikendi hii na imeniamshia mengi. Ilitoka Desemba 2017. Will Smith ni askari wa Los Angeles, Daryl Ward, na mwenzake garini ni Nick Jakoby, orki (kiumbe wa hadithi, kama zimwi lenye meno marefu) wa kwanza kupewa beji Marekani. Wengi hukumbuka kile kifimbo cha uchawi. Mimi hubaki na yule kijana wa kiorki. Jakoby anamfukuza orki aliyempiga Ward risasi, anamshika mmoja, kisha anagundua si yeye. Polisi wenzake wanakuja na bunduki, na anajua wakifika hawatauliza. Anamwachilia.

Niliitazama Kayole, Nairobi, Krismasi ya ule mwaka tuliopiga kura ya urais mara mbili. Ndugu yangu mdogo alikuwa na miaka 17. Miezi michache nyuma alikuwa ametumwa maziwa dukani, karao wakapita wakimsaka mtu mwenye jaketi jeusi kama lake. Mmoja akammulika tochi usoni, akasema "si huyu," akamsukuma ndani ya geti ya ploti yetu. Hatujawahi kujua ni nani. Muvi ilipofika hapo, ndugu yangu aliinuka akatoka nje.

Leteni visa vyenu.

Wa Githurai: Pole sana kwa hayo. Mimi niliiona kwenye kibanda cha video, na msimuliaji wa Kiswahili juu. Hao orki msimuliaji aliwaita mazimwi, basi, kila mtu akaelewa. Ilipoonyeshwa mitaa ya elfi, wale viumbe matajiri wenye masikio yaliyochongoka, safi, walinzi kila kona, jamaa nyuma akapaza sauti: "Hiyo ni Muthaiga!" Mtaa wa matajiri Nairobi, na ni kweli. Mimi hupeleka mboga huko, huandikwa jina getini kila siku na mlinzi anayenijua.

Mpwani, South C: Mimi sikuipenda, niseme wazi. Bwana wa Giza wa miaka 2,000 iliyopita, makabila yaliyoungana kumpiga, yote hayo yanatupiwa juu juu, mengine ni michoro ya ukutani tu, halafu risasi tupu. Bibi yangu Lamu akikusimulia jini mmoja, usiku unaisha. Lakini Joel Edgerton chini ya ile sura bandia nampa heshima zake. Macho yake yanaumia kweli.

Mtoto wa lainsi: Nimelelewa kwenye nyumba za polisi. Kijijini baba aliitwa msaliti, kazini akaitwa kwa kabila lake. Jakoby amekata yale meno yake marefu ya kiorki, orki wenzake wanamdharau kwa hilo. Baba alikuwa akiiacha lugha yetu getini. Akivaa sare hata sisi watoto alitusemesha Kiswahili tu. Nilimwona Jakoby nikajua nimeona nani.

Mwanzisha uzi: Mtoto wa lainsi, mzee bado yuko kazini?

Mtoto wa lainsi: Alistaafu. Nimesoma kisa cha ndugu yako jana, nikamwekea ile sehemu ya kijana. Akaniambia nirudishe nyuma. Tukaitazama mara tatu. Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa: "Sasa huyu, usiku huo, ataandika nini kwa OB, kile kitabu cha matukio kituoni?"